Nataka kuwa mwandishi: je, nisome fasihi chuo kikuu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 19, nimemaliza kidato cha sita huku Masasi, tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Nina madaftari matatu ya hadithi na mashairi, na nimeambatanisha hadithi moja. Nataka kuwa mwandishi. Je, kuna shahada ya uandishi wa kubuni hapa kwetu, au nisome fasihi tu? Baba anataka sheria au ualimu. Mjomba, ambaye naye hutunga, anasema chuo huwaharibu waandishi. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na hadithi mara tatu. Nianze na mjomba, maana neno lake ndilo lililonigusa zaidi.

Mjomba hajakosea kabisa. Katika miaka yangu ya kufundisha fasihi nimewaona vijana walioingia mwaka wa kwanza na madaftari yaliyojaa, wakahitimu wakiwa wahakiki wazuri ambao kwa miaka miwili hawajatunga hata ubeti mmoja. Ukimuuliza mmoja wao, atakwambia: "Mwalimu, kila nikianza sentensi naiona kasoro yake kabla sijaimaliza." Huyu amefundishwa kuona kasoro, hakufundishwa kuitengeneza. Ni jambo linaloniuma, na sehemu ya lawama ni yetu walimu. Ila mjomba akisema dawa yake ni kutokwenda chuoni, hapo tunaachana. Chuo hakitakufanya mwandishi. Kinaweza kukufanya msomaji wa namna ambayo mwandishi hawezi kuishi bila kuwa nayo, kwa sharti kwamba kila unachofundishwa kama uhakiki, wewe mwenyewe ukigeuze kiwe ufundi. Hakuna mhadhiri atakayekufanyia kazi hiyo.

Sasa udahili. Shahada inayojitegemea ya uandishi wa kubuni ni mtindo uliokomaa kwa wenzetu. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936, na Uingereza, Chuo Kikuu cha East Anglia kilianza shahada yake ya uzamili ya fani hiyo mwaka 1970. Kazi kubwa ya madarasa yale ni moja: mwanafunzi anagawa rasimu yake kwa kikundi kidogo cha wenzake, wanakuja wameisoma, wanaijadili mbele yake, naye anakaa kimya akisikiliza. Kwetu, uandishi wa kubuni kwa kawaida utaukuta kama kozi ndani ya shahada ya Kiswahili au ya fasihi. Kwa hiyo unapopitia mwongozo wa udahili, usitafute jina la shahada peke yake. Fungua orodha ya kozi za chuo husika, uone kama uandishi wa kubuni umo, unafundishwa mwaka wa ngapi, na kama ni wa lazima au wa kuchagua.

Ukichagua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ujue kwamba fasihi pale Mlimani ina milango zaidi ya mmoja, na wanafunzi wengi hugundua hilo wakiwa wameshaingia. Mlango wa kwanza ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyopatikana mwaka 2009 baada ya kuunganishwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Idara ya Kiswahili. Humo utasoma fasihi kwa Kiswahili, utajibu mtihani kwa Kiswahili, na ukifika uzamili au uzamivu tasnifu yako utaiandika kwa Kiswahili. Mlango wa pili ni Idara ya Fasihi, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza na utakutana na waandishi wa Afrika nzima na wa dunia. Kuna pia sanaa za maonyesho, kwa mtu ambaye tungo zake zinataka jukwaa. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kina Kiswahili, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar vilevile. Mwenye jamaa Kenya anaweza kufikiria Nairobi, Kenyatta au Moi, akikumbuka tu kwamba shahada ya sanaa kule huchukua miaka 4, ya kwetu 3.

Madaftari yako ni ya Kiswahili. Basi ingia mlango wa Kiswahili. Nasema hivi bila kusita, kwa sababu mtu huandika vizuri katika lugha anayoifikiria kila siku, na miaka 3 ya kuandika insha za kitaaluma kwa lugha nyingine huacha alama kwenye sentensi zako za nyumbani. Hata hivyo Kiingereza usikitupe. Chagua kozi mbili tatu kutoka mlango wa pili kama ratiba itaruhusu. Mwandishi wa Kiswahili anayesoma Kiswahili peke yake hujinyima mengi.

Kuna kisa cha Nairobi ambacho huwa nawasimulia wanafunzi wangu wiki ya kwanza. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo chao ivunjwe, na mahali pake pawe na idara itakayoweka fasihi ya Afrika katikati na nyingine pembeni. Walitaka pia fasihi simulizi iwe nguzo ya masomo, si pambo. Sasa mtazame huyo wa tatu. Taban lo Liyong alikuwa ndiyo kwanza ametoka Iowa, katika warsha ile ile niliyokutajia, Mwafrika wa kwanza kuhitimu pale. Mtu aliyefundwa ufundi wa kuandika kwenye warsha mashuhuri kuliko zote Marekani alirudi Afrika Mashariki akasema: tuanze na simulizi za kwetu.

Ndiyo maana kozi ya fasihi simulizi, ambayo wenzako wataiona nyepesi, wewe ishike kwa mikono miwili. Utatumwa nyumbani kukusanya data. Wengi hurekodi hadithi mbili kwa simu, wanaandika muhtasari, wanataja "dhima ya kuonya" na "dhima ya kuburudisha", wamemaliza. Wewe mrekodi bibi yako, akisimulia kwa Kimakua au Kiyao au lugha yoyote anayoiota, kisha unukuu kila neno, pamoja na pale anapokohoa, anaponyamaza, anapowauliza watoto kama wamelala. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya hivyo, akagundua kwamba mtambaji wake hakusema hata mara moja kuwa safari ilikuwa ndefu. Alisema "akaenda, akaenda, akaenda", na kila "akaenda" ilivutwa zaidi ya iliyotangulia, mpaka msikilizaji mwenyewe akachoka miguu. Kwenye insha yake hiyo ni takriri, yaani urudiaji wa neno, alama mbili. Kwa mwandishi, hilo ni jibu la tatizo ambalo atakutana nalo maisha yake yote: unamfanyaje msomaji ahisi muda unapita bila kumwambia kwamba muda umepita?

Hicho ndicho ninachokiita kugeuza uhakiki kuwa ufundi, na nataka nikae hapa kidogo.

Kidato cha sita ulizoea swali la aina hii: jadili dhamira sita kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma. Ulijibu vizuri, ndiyo maana umefaulu. Chuoni fani na maudhui haviondoki, ila vinaongezewa nadharia: umaksi, ufeministi, umuundo, simiotiki, udenguzi na nyingine. Nadharia ni taa. Nazipenda na nimezifundisha kwa moyo. Tatizo ni pale mwanafunzi anapoifanya muhuri: anachukua riwaya, anagonga "ufeministi", mhusika wa kike ameonewa, imekwisha, leta nyingine. Riwaya haikusomwa, imepitishwa tu kama mzigo bandarini. Mtu akikaa miaka 3 akifanya hivyo, hata yeye akishika kalamu huanza na dhamira, halafu anatafuta watu wa kuibeba. Wahusika wake wanazungumza kama risala.

Kwa hiyo, kila mara ukimaliza insha ya darasani iliyouliza "mwandishi anasema nini", fungua daftari lako binafsi ujiulize "amefanyaje". Sura hii inaanzia wapi, na kwa nini si dakika tano kabla? Nani anajua nini, na msomaji anajua nini zaidi yake? Kisha ujaribu mwenyewe, nusu ukurasa tu, kwa watu wako na mahali pako.

Nikuonyeshe kwa ushairi, maana ndani ya madaftari yako umo. Darasani utafundishwa kwamba tarbia ya kawaida ina mishororo minne, kila mshororo mizani (silabi) 16, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na nane za utao, nusu ya pili, na vina vya kati na vya mwisho. Utaulizwa utaje. Usiishie kutaja. Jana jioni nilikaa nikatunga huu kwa ajili yako:

Mashua imeegama, pwani maji yametoka,
Nahodha amesimama, upepo anautaka,
Nyavu kavu amefuma, usiku umemchoka,
Bahari haina hima, itarudi ikitaka.

Si ubeti mkubwa, lakini angalia utao wa mshororo wa tatu. Nilichotaka kusema ni kwamba nahodha hakulala. Neno "hakulala" halikukubali, maana kina ni -ka. Nikahangaika kama robo saa. Nikajaribu hiki, nikafuta, nikajaribu kile. Ndipo likaja "usiku umemchoka": kumbe si yeye aliyeuchoka usiku, usiku ndio uliomchoka yeye. Wazo hilo sikuwa nalo nilipoketi. Kina ndicho kilichonipa, kwa kuninyima neno la kwanza. Anayehesabu mizani kwa ajili ya mtihani hawezi kulijua hilo. Analijua aliyebanwa na mizani akitafuta pa kupumulia. Na ukishabanwa hivyo mara mia, siku utakapoandika shairi huru utajua ni kitu gani umekiacha na utakilipia kwa kitu gani.

Hili linanipeleka kwa Euphrase Kezilahabi, kwa sababu maisha yake yanajibu swali lako kuliko mahubiri yangu. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1971 ikatoka riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, iliyozungumza mambo ya wasichana na walimu kwa uwazi mpaka ikapigwa marufuku shuleni. Mwaka 1974 akatoa diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na mgogoro wa ushairi ukawaka: upande mmoja ukisema pasipo vina na mizani hapana shairi la Kiswahili, upande wa pili ukisema hivyo ni pambo, roho ya shairi iko kwingine. Katikati ya moto huo yeye alikuwa akifanya nini? Alikuwa anasoma. Tasnifu yake ya uzamili ilimhusu Shaaban Robert, yaani bingwa wa mtindo ule ule ambao yeye alikuwa anauacha. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, akamaliza uzamivu mwaka 1985, akizama katika falsafa ya Kiafrika na namna tunavyofasiri fasihi. Riwaya alizotoa baada ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazifanani na zile za ujanani: ni fupi, zina mafumbo, wakati hauendi mbele kama tulivyozoea. Wapo wasiozipenda. Mimi nazipenda sana. Lakini iwe unazipenda au huzipendi, huwezi kusema elimu ilimkausha.

Shaaban Robert mwenyewe hakukanyaga chuo kikuu. Alikuwa karani, miaka mingi katika forodha, na hakuna asiyemjua. Adam Shafi alitokea kwenye uandishi wa habari. Na upande wa pili yuko Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyemaliza uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akafundisha fasihi hapo hapo, akatoa riwaya ya kwanza mwaka 1987 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mwambie mjomba kwamba njia zote mbili zina watu.

Baba sasa. Naomba usimfanye adui wa kalamu yako. Anajua kwamba walimu wengi wa masomo ya sanaa wamehitimu na wanasubiri ajira, na anajua nani atakulisha ukisubiri. Ukweli ni kwamba hadithi fupi hazilipi kodi ya nyumba kwetu, na hata riwaya iliyochapishwa humchukua mwandishi muda mrefu kuona mrabaha wa maana, isipokuwa ikiteuliwa kusomwa shuleni. Kwa hiyo usimwambie baba utaishi kwa kuandika. Mwambie utasoma Kiswahili na fasihi, na kazi zinazotokana na hapo ni uhariri katika kampuni za vitabu, tafsiri na ukalimani, uandishi wa michezo ya redio na tamthilia za runinga, na kufundisha Kiswahili kwa wageni. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, mwaka 2019, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakiingiza miongoni mwa lugha zake za kazi. Hizo si ajira mkononi, ila mahitaji ya wafasiri na wakalimani yanatokana na maamuzi ya namna hiyo.

Kama wewe mwenyewe ungependa kusimama darasani, basi shahada ya sanaa na ualimu inawaridhisha wote wawili. Fahamu tu kwamba nafasi za masomo ya elimu, saikolojia na mbinu za kufundishia zitakula kozi za fasihi, na utapelekwa mazoezi ya kufundisha wakati wenzako wa shahada ya Kiswahili wanasoma. Kama ualimu hauutaki moyoni, usiuchukue kwa ajili ya kuandika. Watoto watajua. Sheria ni taaluma nzuri kwa mwandishi, inafundisha kupima neno, lakini haikuachii muda wa kusoma riwaya nne kwa mwezi, na wewe katika umri huu unahitaji kusoma kuliko unavyohitaji kitu kingine.

Ukifika, tafuta watu kabla ya kutafuta desa, yale madondoo ya masomo ya kunakiliwa. Watatu au wanne wanatosha, wanaoandika kweli. Kaeni kwenye vimbweta, vile viti vya zege vya chuoni, jioni moja kila wiki, rasimu ya mmoja imesomwa na wote, mwenye rasimu hazungumzi mpaka mwisho. Hiyo ndiyo warsha ya Iowa, bila ada. Kanuni yangu moja ya kuongeza: asiruhusiwe mtu kusema "nzuri" wala "mbaya" kabla hajasema ni mstari gani ulimfanya asimame. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, toa kitabu kimoja humo kabla hujalitumia kwa lingine lolote. Maktaba ya Mlimani ina sehemu ya machapisho ya Afrika Mashariki. Jizoeze kukaa humo ukisoma magazeti ya zamani, uone watu walivyojibizana kwa mashairi, huyu wa Tanga anauliza, yule wa Mombasa anajibu.

Mswada ukikomaa, yapo mashindano. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hushindanisha kazi za Kiswahili, na Taasisi ya Elimu Tanzania inasimamia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Usikimbilie huko mwaka wa kwanza. Mswada unaopelekwa haraka humrudishia mwandishi ukimya, na ukimya huo huwavunja vijana moyo bure.

Nimalizie na hadithi yako ya korosho. Ukurasa wote wa kwanza, jua linachomoza, ndege wanaimba, mama anaamka, ufute. Umeuandika kwa sababu shuleni walitufundisha insha ianze asubuhi. Hadithi inaanza ukurasa wa pili, pale karani wa chama cha msingi anapogonga mizani kwa penseli, mshale unatikisika, na mama anahesabu kilo kwa vidole nyuma ya khanga ili asionekane anahesabu. Vidole vile nyuma ya khanga havikutoka katika kitabu chochote, umeviona mwenyewe. Lakini mstari unaofuata umeandika: "Mama alikuwa na wasiwasi kwamba angepunjwa." Ufute na huo. Vidole vimeshasema. Na karani naye humjui bado, umemfanya mwizi kwa sababu hadithi inataka mwizi. Nenda kakae ghalani siku moja msimu ukifunguliwa, umtazame anakula saa ngapi, nani anamtukana, anaandika stakabadhi ngapi kabla mkono haujamuuma. Kisha uiandike upya kuanzia kwenye penseli, unitumie.